Maji ya Handaki

2 Machi

Daftari hili nimelianza kwa ajili ya mvua. Kila masika huandika siku iliyonyesha, siku iliyoruka, na jinsi miche ilivyoamka. Msimu huu naona nitaandika zaidi upumbavu wa watu, maana huo haujui masika wala kiangazi.

Mvua bado. Mawingu yamekuja, yametuangalia, yameondoka zake. Chini ya kilima watu wa reli wamelipua mwamba tena, na vikombe vimecheza kabatini. Wanatoboa handaki tumboni mwa kilima chetu ili treni ya mwendo kasi isipate taabu ya kuzunguka. Abiria atafika mjini mapema kidogo, awahi kukaa kwenye foleni ya magari.

Mume wangu, ambaye namwita Mzee ingawa tumezaliwa mwaka mmoja, ana video ya treni hiyo kwenye simu. Treni yenyewe ni ya kuchora. Inapita katikati ya majani mabichi, na juu kuna ndege wa kuchora wanaoifurahia.

"Haitoi moshi hata chembe," ameniambia leo, kama aliyeizaa yeye. "Inatumia umeme."

"Na huo umeme unatoka wapi? Unashuka na malaika?"

"Wewe nawe."

Hilo "wewe nawe" ndilo jibu lake kwa kila kitu tangu tulipooana.

5 Machi

Jua. Niandike habari ya mivule, nisije nikasahau kwa nini nafanya kazi na watu hawa.

Nilikuwa ofisa misitu mpaka nilipostaafu, na miti ya kilima hiki naijua kama ninavyowajua wakwe zangu, tena hiyo miti naiheshimu zaidi. Pale ulipo mdomo wa handaki palikuwa na mivule mikubwa, ya mwisho huku kwetu. Waliikata mwaka juzi, siku moja tu, kwa misumeno iliyopiga kelele kama watoto walionyimwa kitu. Walipokwenda kula nilipita chini ya magogo na kiroba, nikaokota matunda kwenye unga wa mbao. Mbegu nyingi hazikuota. Zilizoota nimezilea kama watoto njiti.

Kisha kampuni ikahitaji mtu wa kuwaoteshea miti ya kufidia ile waliyokata, wakaja kwangu. Nikakubali. Asije mtu akasema nimenunuliwa. Mivule hii inarudi nyumbani kwao, na kama anayechimba mashimo ya kuipandia ni yule yule aliyemkata mama yao, basi achimbe. Nikiisoma sentensi hiyo naona ni maneno ya mtu aliyekwisha kukubali na sasa anatafuta sababu.

Mivule iko ndani ya kibanda cha kivuli nyuma ya jiko, chini ya paa la nailoni, kwa sababu matone ya masika huivunja shingo ikiwa michanga. Haipati mvua hata tone. Inakunywa kutoka kwenye keni yangu ya kumwagilia tu, na keni inakunywa kutoka kwenye chemchemi, ambayo tuliiwekea bomba tangu enzi za baba mkwe. Nje ya kibanda, juani na mvuani, iko mikaratusi. Kampuni imeagiza mikaratusi tele kwa kuwa inakua haraka na inapendeza kwenye picha. Naitunza kama mtu anavyotunza mtoto wa jirani mwenye adabu mbovu.

9 Machi

Manyunyu. Vumbi la kokoto limegeuka tope, basi.

12 Machi

Amekuja mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pekee. Namwita Kizibao, humu daftarini tu, kwa sababu ya kile kizibao cha kung'aa cha rangi ya machungwa ambacho hakivui hata mezani kwangu. Anafanya kazi kwa hao hao watu wa reli. Cheo chake ni ofisa mahusiano, yaani analipwa ili watu wasikasirike.

Sijapata kuona mwanamume anayezunguka namna ile. Akitaka chumvi huanza na habari za mvua. Hakai kiti kinachonitazama, hukaa pembeni, nusu ya makalio iko nje kama anayesubiri kufukuzwa. Najua ni heshima ya mkwe, na mimi ndiye niliyemfundisha binti yangu kudai heshima hiyo. Lakini kuna heshima, na kuna kukosa uti wa mgongo.

"Shikamoo, Mama. Samahani, Mama, kama sitakusumbua, chemchemi inaendeleaje?"

"Inaendelea kutoka."

"Vizuri, Mama. Vizuri sana." Akatazama viatu vyake, kisha akasifu ugali.

Binti yangu ana mimba ya kwanza. Namwomba Mungu mtoto afuate upande wetu.

16 Machi

Mvua kubwa mpaka asubuhi, ya kushiba. Mikaratusi inang'aa. Bomba la chemchemi, ambalo hutoa maji unene wa dole gumba, leo limetoa unene wa kidole cha mwisho.

20 Machi

Mvua. Chemchemi kama uzi.

22 Machi

Mvua tangu alfajiri, na chemchemi imekata. Nimesimama jikoni nimelowa hadi mgongoni, maji yanatiririka kwenye paa, yanatiririka uani, yanatiririka kwenye njia, na bomba limekauka kama koo la mlevi. Katika maisha yangu yote sikuwahi kuona chemchemi ile ikikata kiangazi, sembuse masika.

Nikashuka kwenye ofisi yao. Ofisi ni kontena lililopakwa rangi ya kijani, na ndani kuna baridi inayohitaji sweta. Nje jenereta linanguruma kwa dizeli ili wataalamu wasitoe jasho wanapojadili joto la dunia. Ukutani pana picha ya dunia iliyokalia jani. Chini ya picha amekaa meneja wa mazingira, kijana mwenye ndevu za kuchongwa na buti za mvua zisizo na tope. Watu wote humwita Bwana Kijani, na yeye anadhani ni sifa.

"Mama yangu, tusiharakishe," akasema. "Chemchemi huwa zina tabia zake."

"Hii imepata tabia ya kuingia kwenye handaki lenu. Nimepita pale mdomoni. Kuna mpira mnene kama paja langu unatapika maji usiku na mchana. Hayo maji ni ya nani?"

Akatabasamu kama mwalimu wa chekechea. "Yale ni maji ya mradi."

"Mradi ulikuja na maji?"

"Namaanisha yako ndani ya eneo la mradi, kwa hiyo yanahesabika hivyo."

Nilitaka kumrushia kalamu zake moja moja. Lakini nina mivule inayosubiri kunywa, na mwenye shida hachagui wa kumpigia magoti. Nikamwita mwanangu. Nikamwomba. Akaahidi boza, lori la tangi la maji, kila siku kwa nyumba zote za kilimani, akasema litatoka mtoni, akaandika jambo fulani kwenye simu yake na kulipigia alama ya tiki.

24 Machi

Boza limekuja na bango refu kuliko boza lenyewe: MAJI NI UHAI, MRADI UNAWAJALI. Mpiga picha akatupanga na ndoo zetu, wafupi mbele. Jirani yangu Mama Pacha alitakiwa atabasamu mara tatu. Maji yana ukungu kidogo. Dereva kasema mto umechafuka kwa mvua. Basi treni isiyotoa moshi inaunguza dizeli kupandisha maji kilimani kila siku, na sisi tunapiga makofi.

27 Machi

Mvua imeruka. Kizibao kaja na madumu ya maji nyuma ya gari la kazi. Ameyashusha mwenyewe, ametota jasho.

"Mama, samahani. Nimeleta maji kidogo. Haya ni ya miche."

"Boza lipo."

"Najua, Mama. Ila haya, kama hutaona vibaya, nilifikiri yataifaa miche zaidi. Ile ya kibandani hasa. Ni wazo tu, Mama."

Nimemshukuru kama inavyopasa. Ndani kwa ndani nimecheka. Maji ya bomba la mjini, ya dawa na bili, ndiyo aje anifundishe kumwagilia mivule, yeye ambaye hawezi kutofautisha mche na kisamvu! Alipoondoka nikayafulia mapazia. Yametakata ajabu.

31 Machi

Kizibao tena na madumu yake. Safari hii ameyapanga mlangoni pa kibanda kabisa, kama askari. Nikayahamishia jikoni. Chai imekuwa tamu.

Binti yangu kapiga simu. "Mama, anayajaza hapa kwetu kabla ya kwenda kazini, mgongo unamuuma. Yatumie basi kama anavyosema."

"Mumeo amekosa kazi ya kufanya."

Akakata simu. Huwa anakata hivyo anapokuwa upande wa mumewe.

3 Aprili

Mvua kubwa. Lori la saruji limenasa kwenye tope chini ya kwetu. Mzee ameshuka na mwavuli kwenda kuwatia moyo. Waliposhindwa kulitoa kabla saruji haijaganda, waliimwaga yote bondeni, wakaenda kuleta nyingine.

6 Aprili

Majani ya mivule yameungua kingo. Si yote, ila safu mbili za karibu na mlango zimepauka, na juu ya udongo wa viriba, ile mifuko ya miche, kuna ukoko mweupe. Chumvichumvi. Ukoko huo nimewahi kuuona kwenye vitalu vya watu wazembe wanaomwaga mbolea kwa koleo. Humu ndani mzembe ni mmoja tu.

"Umeitia miche mbolea yako ya mahindi?" nikamuuliza Mzee.

"Mimi? Hata mlango wa kibanda siujui unafungukaje."

"Mwongo wewe."

Mzee amehamisha kiti chake mpaka mwisho wa baraza, akanipa mgongo. Video ya treni ameitazama kwa sauti ya juu kabisa, makusudi.

8 Aprili

Mikaratusi ina afya tele. Bila shaka.

11 Aprili

Bwana Kijani kapanda na mpiga picha kukagua miti ya fidia. Kapata nafasi ya kuhutubia uani kwangu juu ya hewa chafu ambayo dunia itaepushwa nayo kwa sababu ya treni yao.

"Na hewa chafu ya kupika saruji yote hii," nikamuuliza, "na chuma, na malori, na kilima mlichokisaga kuwa kokoto, treni itailipa lini?"

"Ikijaa abiria, miaka kadhaa tu."

"Isipojaa?"

"Tuna matumaini, Mama."

Basi dunia inaokolewa kwa matumaini ya tiketi. Nikamwingiza kibandani. Akainama kwenye safu zilizokauka, akagusa ule ukoko mweupe kwa ncha ya kidole, akajifuta kwenye suruali. Nilitegemea maneno, maana hakosi maneno. Akatoka nje. Baadaye, akiwa anapanda gari, akaniambia: "Usijali sana, Mama. Mikaratusi inatosha kwa picha." Upandaji utakuwa tarehe tisa Mei, mvua zikiwa zinaaga, kwa sababu mgeni rasmi hana nafasi mapema. Miti itajifunza kufuata ratiba yake.

14 Aprili

Jua kali siku nzima. Mivule inazidi kuungua. Nimeongeza maji, asubuhi na jioni, mpaka viriba vinachuruzika.

18 Aprili

Leo nitaandika mpaka mkono uchoke.

Asubuhi Mama Pacha kaja kuniomba mafuta ya nazi. Kanionyesha viganja. Ngozi imekauka, imepasuka kwenye mikunjo, na ncha za vidole zimechubuka.

"Ni sabuni hii mpya," kasema. "Tena ajabu, maji ya boza yanateleza mkononi hata kabla ya kutia sabuni."

Mikono ile nimeiona. Niliiona kwa mafundi waliotujengea jiko, waliokoroga saruji bila glavu. Nikaacha chai mezani, nikateremka kwa mguu nikilifuata boza tupu, na kwa kuwa njia ni tope halikuweza kuniacha mbali.

Halikwenda mtoni. Kwenye njia panda lilikata kushoto, likaingia kwenye uzio wa handaki, likarudi nyuma hadi kwenye bwawa. Ndani ya bwawa hilo unamwagika ule mpira mnene kama paja. Kuta za handaki zinapigwa saruji ya kurusha kwa mashine, maji ya kilima yanaziosha, yanabeba ukali wa saruji mbichi, yanaingia bwawani, na kutoka bwawani yanaingia kwenye boza. Chemchemi yangu, ndiyo ile pale. Wameiiba, wameitia sumu, na wanatuletea nyumbani kwa gari lenye bango.

"Mbona unachota hapa?" nikamwuliza dereva.

"Mama, mtoni ni mbali, na barabara ndiyo hiyo unaiona. Tuliambiwa tuchote hapa tangu siku ya kwanza."

"Nani anajua?"

"Aa, wote si wanajua. Hata mkweo anajua, yule ndiye aliyegomba sana ofisini. Wakamwambia achague, mdomo au kazi."

Nilirudi nyumbani. Nikampigia simu Kizibao aje, bila shikamoo wala marahaba. Alipofika nilikuwa nimesimama mlangoni pa kibanda. Ndani palikuwa kahawia tupu.

"Ulijua."

"Ndiyo, Mama."

"Ulijua na hukuniambia!"

"Nilikuambia, Mama."

"Uliniambia nini? Lini?"

Akanyoosha kidole mlangoni. "Nilikuletea maji, Mama. Nikasema ni ya miche. Niliyaweka hapa hapa mlangoni."

Mzee alikuja kutazama kutoka mwisho wa baraza.

"Mtu mzima hasemi hivyo!" nikapiga kelele. "Mtu mzima anafungua mdomo anasema: Mama, maji ya boza yana saruji, usiyatumie! Maneno hayazidi hayo!"

"Nilitia sahihi nisiseme nje, Mama. Na wewe ni mama mkwe wangu. Ningeanzaje kukuambia unakosea kwenye miche yako? Nilidhani utaelewa."

Ofisa misitu mzima nimetazama ukoko mweupe nikauita mbolea. Nimemwita mume wangu mwongo. Maji safi nimefulia mapazia, na sumu nimeinywesha mivule kwa mkono wangu, na ilipougua nikaiongezea. Kama maji yale yangeletwa na mtu mwingine yeyote ningejiuliza kwa nini. Yaliletwa na Kizibao, na mimi nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba hana kitu kichwani.

19 Aprili

Nimeosha udongo wa viriba kwa madumu yote yaliyobaki. Nimemwambia Mzee kwamba haikuwa mbolea, wala haikuwa yeye.

"Wewe nawe," akasema. Lakini kiti kimerudi.

25 Aprili

Mvua. Nimetoa kibandani viriba vya mwisho. Nilikuwa nikikwaruza shina kwa ukucha nikitafuta kijani chini ya gamba. Hakuna hata mmoja. Mbegu nyingine hazipo na miti ya kuzizaa haipo. Nimelia kama mjinga, nimejifuta, nimepika.

28 Aprili

Nyumba zote za kilimani nimeziambia zisiyatumie maji ya boza. Mama Pacha kaniuliza sasa atumie yapi. Mto uko mbali na ana watoto wawili wadogo. Anaendelea kuyafulia.

30 Aprili

Binti yangu kaja mwenyewe, tumbo mbele. Kampuni imeniomba nizungumze siku ya upandaji kama mwenye kitalu, na yeye kanisoma usoni.

"Mama, ukisema ni maji, watajua nani alitoa siri. Watamfukuza. Mimi ndiyo hivi unavyoniona."

"Siri kaitoa dereva."

"Watamwamini nani, Mama? Tafadhali."

Katika maisha yangu nimewadharau sana watu wanaofunga midomo kwa ajili ya mkate. Sikuwahi kufikiri mkate wenyewe unaweza kuja kuketi jikoni kwangu ukiwa na miguu iliyovimba.

4 Mei

Mvua nyepesi. Sijalala vizuri, nina hasira na kila kitu, hata kuku.

9 Mei

Upandaji. Walijenga hema kwa siku mbili, wakaegesha magari ya kifahari kwenye mteremko wote injini zikiunguruma ili viti visipate joto. Mgeni rasmi alichelewa, akaja na msafara, akavishwa glavu nyeupe akapanda mkaratusi mmoja ambao shimo lake lilichimbwa jana na kumwagiliwa maji ya chupa. Nililiona hilo kwa macho yangu: maji ya chupa. Wanajua vizuri sana.

Bwana Kijani akashika kipaza sauti akamshukuru kila mtu aliyevaa tai. Kisha akasema kwa masikitiko kwamba miche ya asili ilikufa kitaluni, na mwenye kitalu, mtaalamu tunayemheshimu, atatueleza changamoto zilizojitokeza. Alinipa kipaza sauti kwa mikono miwili. Kwa mbali nilimwona binti yangu amekaa kwenye kiti cha plastiki, mkono juu ya tumbo. Kizibao alikuwa amesimama nyuma ya wageni na kizibao chake.

Nilikuwa nimekaa na sentensi yangu tangu mwezi uliopita. Nilifungua mdomo ikatoka nyingine.

"Miche ilikufa kwa uzembe wangu," nikasema. "Nilikosea kumwagilia."

Bwana Kijani alianza kupiga makofi, na wenye tai wakamfuata. Niliwatazama majirani zangu. Mama Pacha, aliyenisikia kwa masikio yake nikimkataza maji yale, aliniangalia kama mtu aliyetemewa mate. Kesho asubuhi boza litakuja, na watu watajaza ndoo kwa moyo mweupe, kwa sababu mwenye kitalu mwenyewe amesema maji hayana kosa.

Hapo kipaza sauti kikatoka mkononi mwangu. Sikuona alivyofika.

"Mama anadanganya," akasema Kizibao.

Makofi yalikufa. Mkwe amesimama mbele ya watu, mbele ya mgeni rasmi, na kumwita mama mkwe wake mwongo. Hata wale wa tai walishtuka, na wao wana ngozi ngumu.

"Mama anadanganya ili mimi nisifukuzwe," akasema. Sauti haikuzunguka popote. "Maji ya boza yanachotwa kwenye bwawa la handaki. Yana saruji. Ndiyo yaliyoua miche, ndiyo yanayochubua mikono yenu. Msiyanywe, msiyafulie, msimwogeshe mtoto. Ofisini tunajua tangu siku ya kwanza, na mimi nilijua."

Wakakata umeme wa spika. Akaendelea bila spika. Kwa mara ya kwanza niligundua kwamba ana sauti.

12 Mei

Amefukuzwa. Kizibao cha machungwa wamemtaka akirudishe kikiwa kimefuliwa.

Na boza halikuja leo, wala jana. Nimeshuka kuuliza. Bwana Kijani, akiwa katika baridi yake, ameniambia kwamba kwa kuwa jamii imeonyesha wasiwasi juu ya ubora wa maji, mradi umesikiliza sauti ya jamii na kusitisha huduma. Alisema hivyo bila kupepesa. Ule mpira mnene kama paja bado unatapika, mchana na usiku, bondeni.

13 Mei

Majirani hawanisalimii. Mama Pacha tu ndiye aliyepita, ndoo kichwani, akitoka mtoni, watoto wanaburuzika nyuma.

"Maji mabaya yalikuwa maji," akaniambia. "Sasa tuna ukweli. Tuutie kwenye sufuria?"

Nilidhani watakwenda kupiga kelele kwenye kontena la kijani. Wanapiga kelele kwangu, maana mimi sina mlinzi getini.

16 Mei

Manyunyu ya mwisho. Mikaratusi ya upandaji imeshika. Itakunywa hicho kidogo kilichobaki chini ya kilima hiki, na itapendeza sana ukiwa ndani ya treni.

20 Mei

Jua. Masika yamekwisha.

Binti yangu na mumewe wamehamia kwetu mpaka atakapojifungua. Mkwe anashuka mtoni na madumu alfajiri, anajaza pipa letu, kisha anajaza la Mama Pacha ambaye anayapokea bila kusema asante. Sijaanza kumpenda. Bado anakula kama mtu anayeomba radhi, na anakoroma. Lakini leo wakati wa chai alivuta kiti akakaa kinachonitazama, makalio yote, na nikammiminia chai.

Mzee alikuwa ndani na treni yake. Binti amelala. Nikamwambia mkwe jambo ambalo nimekuwa nikitembea nalo tangu siku niliyolifuata boza.

"Ile mivule niliiua mimi."

Nikangoja aanze: hapana Mama, usiseme hivyo Mama, Mama ungejuaje. Nilikuwa nimekwisha kuandaa dharau ya kumjibu nayo. Akaweka kikombe chini, akanitazama usoni.

"Ndiyo, Mama," akasema. "Nusu ni kampuni. Nusu ni wewe."